Mguu wa Generosa na Msumari Unaovuta

Vijana wangu wa chumba cha plasta, siku ile mliponiaga nikistaafu mlinipa kipaza sauti mkasema, Baba Plasta, tuachie neno. Mimi nikashukuru kwa pilau nikakaa. Siyo kwamba sikuwa na neno. Mtu aliyeshika miguu ya watu tangu ujana wake hakosi neno, ila la kwangu ni refu na pilau ilikuwa inapoa. Basi nimeliandika hapa, kwa shule yangu hii ya darasa la nne, nanyi mtavumilia. Mkiona nimepotea njiani nisubirini, huwa narudi.

Hivi ninapoandika ni asubuhi, Mbinga imejifunika ukungu, na mibuni ya jirani imechanua, harufu yake imeingia mpaka kitandani. Tangu nistaafu nalala kupita kiasi. Na ndoto zangu ni za miguu. Siyo watu, miguu mitupu. Inapita mbele yangu polepole, mingine imepinda, mingine imenyooka, haigusi chini, kama usipa, vile visamaki vyetu vya ziwani, wanavyopita chini ya mtumbwi ziwa likiwa limetulia. Mke wangu huniuliza, "Leo umeota nini?" Namwambia vifundo vya miguu. Anasema, "Wenzio wakistaafu huota mbuzi."

Mimi mtu wa ziwani. Kwetu Chiwanda, chini kule Nyasa, ukiendelea kidogo uko Msumbiji. Nilipanda huku milimani kutafuta kibarua. Mtu wa ziwani akija huku Umatengo kwanza anaumwa baridi, halafu anaumwa kukosa samaki, halafu anazoea. Mimi hilo la pili bado halijapona.

Siku ya kwanza hospitalini nilipewa fyekeo nikafyeke nyuma ya wodi. Sista Benedikta, mkubwa wa chumba cha plasta, akapita, akasimama, akanitazama mikono. Hakuuliza nimesoma wapi. Alisema, "Una viganja vipana. Weka fyekeo, njoo." Nikadhani kuna kitu kizito cha kubeba. Akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akanifunga plasta mkono wa kushoto, mkono mzima usio na hata mchubuko, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. "Kaa nayo mpaka nitakapokuambia."

Nilikaa nayo. Nilikula ugali kama mtu anayeiba. Usiku nikijigeuza najipiga mwenyewe usoni. Muwasho ukija ndani humo, hata ukilia haukusikii. Nilimchukia yule Sista, nasema kweli, na mimi Mwanglikana, nikaona labda hivi ndivyo Wakatoliki wanavyotupokea. Alipokuja kuikata akasema, "Sasa umejua unachowafanyia watu. Tuanze kazi."

Mengine yote nimewafundisha ninyi kwa mdomo, lakini mdomo hupotea, nayarudia. Maji yawe vuguvugu, yasiwe ya moto, kwa sababu plasta yenyewe ina moto wake na itamuunguza mtu huku wewe unapiga soga. Bandeji isimamishe ndooni, ngoja mapovu yaishe, ndipo uitoe. Ukiisawazisha tumia kiganja, usitumie vidole. Kidole huacha shimo, shimo kwa ndani ni jiwe, jiwe huzaa kidonda, na kidonda kilicho ndani ya plasta hakuna anayekiona. Mgonjwa akisema panauma, mwamini yeye, usiiamini plasta. Plasta haijawahi kusema kitu.

Na ule msumeno wa umeme unaopiga kelele kama nyigu, uwekeni kwanza kwenye kiganja chenu mgonjwa aone kwamba haukati nyama, unatikisika tu. Watoto wakiona hivyo hutulia. Wakubwa ndio wabaya. Kulikuwa na mwanajeshi mmoja mstaafu aliondoka na plasta imekatwa nusu, ikamfuata barabarani inalia kwata, kwata, kama kobe.

Nimepotea. Narudi.

Nilitaka niwaambie habari za ule msumari wa kuungia mifupa, maana mwauona kabatini na mwadhani ulikuwapo siku zote. Haukuwapo. Na mimi siwezi kuueleza msumari bila kumweleza Generosa.

Generosa alikuwa fundi cherehani, barazani kwa duka moja jirani na stendi. Alishona sare za shule. Ikikaribia Januari huwezi kumwona uso, unaona rundo la kitambaa cha bluu na juu yake kitambaa cha kichwa kinatikisika. Cherehani yake ya miguu, ya kukanyaga. Siku moja ya masika alikuwa anatoka Litumbandyosi kumpimia nguo bibi harusi, bodaboda ikateleza kwenye utelezi, mguu wake wa kulia ukabaki chini. Mifupa iliunga, lakini iliunga ilivyotaka yenyewe. Akawa anatembelea ubavu wa unyayo. Ile mito laini iliyoko kati ya mifupa ya kifundo ikaisha kabisa, mfupa ukawa unasaga mfupa. Alikuwa akija kwangu kila mara kuomba plasta. Nikimwambia plasta haiponyeshi hiyo, husema, "Najua, baba. Lakini inaunyamazisha."

Ndipo akaja Dokta Neema, bingwa wa mifupa, anatembelea hospitali za mikoani na sanduku lake. Mrefu, anaimba kwa puani akifanya kazi, nyimbo za kwaya, na haumalizi hata mmoja. Akamtazama Generosa, akatazama picha za eksirei, akakaa kitandani pembeni yake.

"Mama, hapa mifupa mitatu inagombana. Mimi nataka niifanye iwe mmoja. Napitisha msumari kwa chini, kwenye kisigino, unapanda mpaka ndani ya muundi. Maumivu yataondoka. Lakini kifundo hakitapinda tena, mpaka siku unazikwa."

Generosa akasema, "Na cherehani?"

"Cherehani ya umeme?"

"Ya kukanyaga."

Dokta akakishika kile kifundo, akakipindisha kidogo. Hata puani hakuimba. Mwenye akili ni yule anayejua swali likiwa zito, mimi ndivyo nionavyo.

Msumari wenyewe aliutoa sandukuni tukauona wodi nzima. Fimbo ya chuma, nene kama kidole gumba, ina matundu ya skrubu huku na huku. Akasema ndani yake kuna chuma kingine cha ajabu, kinavutwa kinarefuka, msumari ukishafungwa juu na chini kinaachiwa, nacho kinataka kurudi kwenye urefu wake. Kwa hiyo kinaivuta mifupa ikumbatiane. Misumari ya zamani ikishafungwa imefungwa, mfupa ukilika kidogo pengo linabaki. Huu unafuata, unaendelea kuvuta taratibu, mchana na usiku, mgonjwa akiwa amelala. Mimi nikafikiria ngozi ya ngoma ikianikwa juani, inavyojikaza hakuna anayeigusa.

"Kama lastiki," akasema Generosa.

"Hasa. Kama lastiki."

"Lastiki huchoka, dokta. Nimezibadilisha viunoni mwa watu maisha yangu yote. Hii ikichoka?"

"Tunaomba mifupa iwe imeshashikana kabla."

"Unaomba?"

"Naomba na nafanya kazi," akasema Dokta Neema. "Vyote viwili."

Wifi yake Generosa, anaitwa Skolastika, ndiye aliyekuwa anamwuguza. Mwanamke wa sauti. Yeye alisikia neno moja tu, kwamba chuma kitaendelea kuvuta. Akauliza, "Kitavuta mpaka wapi?" Hakuna aliyemjibu, na hilo, kama mtakavyoona, lilikuja kutusumbua.

Kabla ya kisu Dokta akaniambia, "Mzee, mfungie plasta ya kujaribia. Unyayo ukae mraba na mguu, kama mtu aliyesimama sakafuni. Akaishi nayo, aone maisha ya kifundo kisichopinda, ndipo aseme ndiyo au hapana." Nilimfunga vizuri. Akaenda kwake na magongo, akarudi plasta imechakaa unyayo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mguu unasemaje?"

"Umelala. Nimekwenda sokoni nikarudi sijasaga meno."

"Na cherehani?"

Akafungua mfuko akatoa sketi ya shule. Upindo wake umekwenda kama nyoka aliyemwagiwa maji ya moto. "Tazama. Hii ni kazi ya mlevi." Akanieleza. Cherehani ya miguu haitaki nguvu, inataka kifundo: vidole vinashuka, kisigino kinashuka, vidole, kisigino, kama mtu anayebembeleza mtoto. Unyayo ukiwa mgumu gurudumu linaanza mbele, halafu linarudi nyuma, na likirudi nyuma uzi unakatika. Na kwa mguu wa kushoto peke yake anachoka kabla ya kumaliza kushona mfuko mmoja wa sketi.

Halafu akatazama mlangoni, akasogea karibu.

"Baba, wakati wa kupasua ni nani anayeushika mguu?"

"Mimi."

"Basi ushike umeinama kidogo. Vidole viangalie chini, hivi. Hivyo nitapata pa kukanyagia. Dokta anaangalia vyuma vyake, hataona."

Jamani. Katika kazi yangu nimeombwa mengi, kuna mtu aliniomba nimfunge plasta mzima kusudi asiende kulima. Lakini hili lilinisumbua, kwa sababu aliniomba kwa heshima, na kwa sababu ningeweza. Mguu ukishaungwa kwa pembe fulani ndiyo imetoka. Watoto wake wanakula kwa cherehani ile, na mume hakuwapo tena.

Nikamweleza habari za mjomba wangu wa Chiwanda. Aliungua mguu utotoni, ukakauka umeinama, vidole chini. Hata kwenye mchanga tambarare wa ziwani alitembea kama anayepanda mlima. Goti likasukumwa nyuma, kiuno kikafuata, uzee ukamkuta ameshakuwa upinde. "Na huyo aliishi kwenye mchanga," nikamwambia. "Wewe unaishi mlimani, juu ya mashimo ya ngoro. Mguu ulioinama huku hautembei, unachimba."

"Kwa hiyo hapana?"

"Kwa siri hapana. Lakini nitamwambia dokta, na wewe upo."

Akakasirika. "Ninyi watu wa ziwani mna roho kavu kama usipa wa kuanikwa!"

Nikasema, "Usipa mkavu hauozi, mwanangu." Hakucheka.

Dokta Neema tulipomwambia hakugomba. Alivuta kiti. "Nikiuinamisha, ukiwa umekaa utashona, na kila utakapoinuka utalia. Nikiuweka sawa utatembea. Kushona sikuahidi, siwezi kusema uongo. Mguu ni wako, useme wewe."

Generosa alishinda siku hiyo akiikunja na kuikunjua ile sketi ya upindo mbaya. Skolastika yeye alishinda akisema. "Heri uache kabisa! Chuma kinachovuta chenyewe, hakina umeme, hakina betri, hiyo si hospitali hiyo." Asubuhi yake, tunapita vitandani, Generosa akasema maneno matatu, "Uwekwe sawa tu." Wala hakunitazama.

Sasa ile siku yenyewe. Alichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kushuka hana habari, lakini juu yu macho, ila amepewa dawa ya kumtuliza, anaelea. Mimi nimevaa aproni nzito ya madini ya risasi kwa ajili ya mashine ya picha, ile inayokufanya ujione umebeba mtoto wa mtu mwingine. Nimeukamata mguu wake kwa viganja, siyo vidole. Dokta anaimba puani. Kwenye kioo cha picha mifupa inaonekana myeupe, imezungukwa na weusi, kama visiwa ziwani usiku wa mwezi. Dokta alikwisha kuiparua mifupa ile mpaka ikatoa damu mpya, maana mfupa mkavu haushiki mwenzake. Akaanza kuupandisha msumari. Tok. Tok.

"Nani anabisha hodi?" akauliza Generosa nyuma ya pazia.

"Ni sisi, mama."

"Karibuni. Sare hazijawa tayari."

Akaendelea kuota hivyo kwa sauti. Akahesabu mapindo, akamwambia mtoto fulani asimame wima apimwe. Mimi mikono inaanza kufa ganzi. Nakumbuka nilitazama mguu ule nikaona kwamba hata upana wa ukucha nikiushusha, hakuna duniani atakayejua. Chumba kizima kilikuwa kama kiko chini ya maji. Ndipo sauti yake ikaja, ya mtu mzima kabisa, haikuwa ya ndoto.

"Baba Plasta. Umeuinamisha?"

"Hapana, mwanangu. Uko sawa."

Msumari ukagongwa tena, tok. Kisha Generosa akasema, "Haya. Ushike hivyo hivyo."

Nikaushika. Skrubu zikaingia kisiginoni, zikaingia muundini, Dokta akageuza bisibisi yake kukiachia kile chuma cha ndani. "Sasa kinavuta," akasema. Kwenye kioo ule mstari mweusi kati ya mifupa ulikuwa umebaki mwembamba kama uzi.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi yetu, wala haimo katika vitabu. Skolastika ndiye alitupa cha kufanya. Alichukua futi ya Generosa mwenyewe, ile ya kupimia nguo, akapima mguu mmoja, akapima wa pili, akaja ofisini ameivaa shingoni kama mpelelezi.

"Mguu wa msumari umepungua! Nilisema! Kinamla! Kitavuta mpaka kisigino kiingie gotini!"

Dokta akamweleza polepole kwamba mguu ulipungua siku ile ile ya kuparua mifupa, kabla msumari haujaingia, na kwamba kinachovutwa na chuma kile cha ndani ni kidogo kuliko unene wa kucha. Akaagiza ndala iongezwe soli.

"Kwa hiyo hakitafika gotini?"

"Hakitafika, wifi."

"Nitapima."

Na kweli akapima. Kila Jumapili wakitoka misani anapima, majirani wamekusanyika, wengine wamekuja na maandazi. Hata mimi siku moja nilijikuta nangoja matokeo.

Picha ya kwanza ilionyesha uzi ule mweusi upo pale pale. Ya pili, upo. Dokta akaitazama sana dirishani, hakuimba. "Tusubiri." Generosa akaniuliza nikiwa nambadilishia plasta, "Imechoka?" Nikasema sijui. Mgonjwa akikuuliza usilolijua mwambie hujui, hiyo Sista alinifundisha pia. Picha ya tatu, mifupa ilikuwa imeingiwa na weupe kati yake, hafifu, kama ukungu unavyoshuka bonde la kahawa asubuhi ukawa huoni tena lilipo bonde. Dokta aliimba wimbo mpaka mwisho. Kumbe anazijua.

Nikaikata plasta ya mwisho. Generosa akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Unyayo wote chini. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akaondoka. Mimi nikafagia unga wa plasta.

Siku zilizofuata nikipita barazani pale, cherehani haipo. Mahali pake pamewekwa ndoo za plastiki za kuuza. Nikamwuliza mwenye duka.

"Aliibeba kwa toroli, mzee. Hakusema anaipeleka wapi."

Nikaelewa ameiuza. Nilikuwa nakwenda kazini, mguu wangu mwenyewe ukawa mzito. Nilijiambia amepata mlima, amekosa mkate, na aliyeushika mguu ni mimi. Nilikuwa karibu kustaafu wakati huo, na nilianza kuota vifundo vile wakati huo huo.

Desemba, asubuhi moja ya ukungu, huoni hata stendi, unasikia tu makondakta wanaita Songea, Songea, sauti hazina watu. Nikasikia na sauti nyingine. Tiki-tiki-tiki-tiki. Haikuwa ya mlevi. Nikaifuata mpaka barazani.

Alikuwa pale, rundo la bluu mbele yake. Alikuwa ameipeleka cherehani kwa seremala. Kibao cha kukanyagia kimewekewa kabari ya mninga upande wa kisigino, na juu yake ukanda wa tairi, kama wa kandambili, anachomeka mguu humo. Stuli nayo imepandishwa. Kifundo hakipindi, paja lote linapanda na kushuka, na ukanda unakibeba kibao kikirudi, gurudumu haligeuki nyuma.

"Shikamoo baba. Mbona umesimama kama umeona mzimu?"

"Marahaba. Nilijua umeiuza."

"Niiuze nile nini? Mabua?" Hakuacha kukanyaga. "Nilikuwa naota siku ile mnanigongagonga. Nimeota mteja nguo haimkai, nami nimeshika mkasi namkata yeye. Nikaamka na neno moja kichwani. Nguo isipomkaa mtu, baba, unakata nguo."

"Ulikuwa macho, uliniuliza kama nimeuinamisha."

"Mimi? Sikumbuki." Akageuza kitambaa. "Skolastika anasema sasa natembea kama padri. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Akatoa sketi, akakata uzi kwa meno, akaitupa juu ya rundo.

Januari shule zilipofunguliwa nilikaa kwenye ngazi za hospitali, kabla ya zamu, ukungu haujainuka. Watoto wakaja kupita barabarani kwa makundi. Sikuona vichwa vyao. Niliona sketi na kaptula za bluu tu, zinatoka kwenye weupe, zinapita, zinaingia kwenye weupe tena. Baadhi zilikuwa kuukuu, za miaka ya kabla ya msumari, zimerithiwa na wadogo. Baadhi mpya. Nilitazama mapindo yake mpaka wa mwisho alipopita, na sikuweza kujua ipi ilishonwa na mguu wa zamani, ipi na mguu wa msumari.